Sura ya 6: Besi Ina Kazi Gani?

Aliyekulia Itumbe, au kwenye kilima chochote cha Kisii na Nyamira, anajua jambo hili bila kufundishwa. Harusi ikiwa ng'ambo ya bonde na mitambo imefungwa, maneno ya wimbo hayamfikii, na gitaa vilevile halimfikii. Kinachomfikia ni dum, dum, dum. Na cha ajabu, mara nyingi anautambua wimbo kwa dum hizo peke yake.

Lakini mtu huyohuyo akiusikiliza wimbo uleule kwenye simu yake, dum zimepotea. Mwimbaji yupo, gitaa lipo, ngoma zinachakacha, besi haipo. Hata hivyo wimbo haumpotei. Hapo ndipo swali linapozaliwa, na wasomaji huliuliza kwa namna nyingi: kama wimbo unatambulika bila besi, besi ina kazi gani? Na kama haina kazi, mbona ndiyo inayofika mbali kuliko vyote?

Maswali haya mawili yana jibu la pamoja, na sehemu nzuri ya jibu hilo iko kwa Abagusii wenyewe. Waliijua besi kabla gitaa la umeme halijaundwa.

Tuanze na sauti yenyewe

Sauti ni mtetemo. Uzi ukivutwa na kuachiliwa, hutetemeka. Hutikisa hewa iliyo karibu nao, na mtikiso huo husafiri hadi sikioni. Ukitetemeka mara nyingi kwa sekunde moja, tunasikia sauti nyembamba. Ukitetemeka mara chache, tunasikia sauti nzito. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000.

Besi ni eneo la chini kabisa la ngazi hiyo. Uzi mnene kuliko zote kwenye gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi mnene kuliko zote kwenye gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetemeka mara 41, yaani nusu. Umbali huo wa nusu au maradufu huitwa oktava: ni sauti ileile, imeshuka au imepanda ngazi moja nzima. Mwanamume na mtoto wakiimba wimbo mmoja pamoja, kwa kawaida hupishana kwa oktava bila kujua.

Mbona inavuka kilima

Kila mtetemo hewani una urefu wake. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na joto la kadiri. Gawanya kwa 41, utapata mita 8 na zaidi. Wimbi moja la uzi wa chini wa gitaa la besi ni refu kuliko matatu ya abiria 14. Wimbi la sauti kali ya tari au ya herufi "s" ya mwimbaji ni la sentimita chache tu.

Sasa fikiria njia ya kutoka kilima kimoja hadi kingine. Kuna mashamba ya chai, mikaratusi, migomba, kuta za nyumba, na mabega ya kilima chenyewe. Wimbi la sentimita chache hugonga majani na kutawanyika, ukuta huliziba, hata hewa tupu hulila polepole. Wimbi la mita 8 hulizunguka jani kana kwamba jani halipo. Huupita mti, hupinda kwenye bega la kilima, hupenya ukuta wa matofali na kutikisa vioo vya dirisha. Ndiyo maana jirani anayelalamikia kelele za usiku hulalamikia besi zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinataja kelele na mitetemo ya kupita kiasi pamoja. Waliozitunga walijua kwamba sauti nzito haiishii sikioni.

Na mbona haitoki kwenye simu

Ili kutoa sauti nzito, lazima usukume hewa nyingi. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha, na haiwezi kuitikisa hewa ya kutosha kwa hezi 41. Inachoweza ni kutoa sehemu za juu za sauti ileile.

Hapa pana jambo ambalo kila mpenda muziki anapaswa kulijua. Uzi ukitetemeka mara 41 kwa sekunde, hautoi sauti hiyo moja peke yake. Ndani yake kuna mitetemo midogo ya mara 82, 123, 164 na kuendelea, yote ikipanda kwa 41. Hizi huitwa sauti za juu za uzi, na ndizo zinazotufanya tutofautishe gitaa na filimbi. Sikio likisikia 123, 164 na 205, ubongo hutambua kwamba zote ni watoto wa mama mmoja, hata kama mama hayupo chumbani. Unamsikia wa 41 ambaye spika haikumtoa. Kwa hiyo anayesema wimbo unatambulika kwenye simu bila besi hajaikosa besi yote. Ubongo wake umeijaza.

Lakini kuijaza si sawa na kuipata. Kifua hakitikisiki, miguu haishtuki. Tena sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini: ukipunguza sauti ya redio, besi ndiyo inayotangulia kutoweka. Wengi huongeza sauti hadi masikio yaumie, kumbe walichokuwa wanatafuta ni besi tu.

Kwa ufupi:
- Besi ni mitetemo michache kwa sekunde na mawimbi marefu.
- Mawimbi marefu hupita vizuizi, ndiyo maana hufika mbali.
- Chombo kidogo hakiitoi vizuri, lakini ubongo huikisia kutokana na sauti za juu.

Besi huamua wimbo umesimama wapi

Tuache hesabu, twende kanisani. Waadventista wa Sabato walifika Gendia, upande wa ziwa, mwaka 1906, na kutoka huko imani yao ikapanda hadi milima ya Kisii. Waliacha desturi ya kwaya isiyohitaji ala: soprano, alto, teno na besi, midomo mitupu. Kila mwanakwaya wa huku anajua ratiba ya mazoezi: soprano hufundishwa kwanza, besi hufundishwa mwisho, na besi wakichelewa kufika mwalimu huendelea bila wao. Mimi naona huko ni kuanza kujenga nyumba kwa bati. Jaribio lifuatalo linaonyesha kwa nini.

Mwambie soprano ashike *mi* na alto ashike *do*. Wasibadilike. Kisha mwambie besi aimbe *do* ya chini. Utasikia utulivu na furaha, kama wimbo umefika nyumbani. Sasa soprano na alto waendelee na sauti zao zilezile, besi ashuke hadi *la*. Hali imegeuka, kuna huzuni au maombi. Mwambie apande hadi *fa* iliyo chini ya *do* ya alto: huzuni imeondoka, na pana kitu kama hamu, kitu kinachosubiri. Soprano hajasogea hata kidogo. Alto hajasogea. Aliyebadilisha maana ya walichokuwa wakiimba ni mtu wa chini.

Wanamuziki huziita sauti kadhaa zinazolia pamoja kodi. Kodi husomwa kuanzia chini. Sikio huchukua sauti ya chini kabisa kuwa ndiyo mwenye nyumba, na nyingine zote huhukumiwa kwa jinsi zinavyohusiana naye. Ndiyo sababu soprano mmoja akikosea, wasikilizaji husema soprano amekosea. Besi akikosea, husema kwaya imeharibika, na wengi hawajui ni nani aliyeiharibu.

Besi hushika wakati

Kazi ya pili ni ya miguu. Msikilize Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ambao bado hupigwa kwenye kila sherehe kutoka Mombasa hadi Busia. Gitaa la besi la Malanga halikimbii. Husema kifungu kifupi, hunyamaza, hukirudia. Katika ukimya ule ndimo gitaa la Omar Shabani linapopata nafasi ya kujikunja na sauti ya John Ngereza inapopata pa kukaa. Waulize watu wakuimbie mwanzo wa wimbo ule. Wengi wataimba besi kwa midomo yao kabla ya kufikia neno la kwanza. Naiona kuwa mojawapo ya besi bora kupata kurekodiwa Nairobi, na ubora wake uko kwenye alichokiacha bila kukipiga.

Benga ya Wajaluo, majirani wa Abagusii upande wa ziwa, ilichukua njia nyingine. Katika nyimbo za D. O. Misiani na Shirati Jazz, besi haitulii. Inatembea, inaruka, inajibizana na gitaa kuu kama watu wawili wanaosukumana kwa mzaha. Christopher Monyoncho na bendi yake ya Isambo walipoimba kwa Ekegusii juu ya magitaa, mwendo huo wa haraka ulivuka mpaka wa lugha bila taabu. Na katika rege, inayopendwa sana Kenya, Aston Barrett wa The Wailers aliipa besi kazi ya kubeba wimbo wenyewe, huku gitaa likibaki kukata pembeni.

Kwa nini mwili husikiliza besi kuliko sauti nyembamba? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ukiwashirikisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ulionyesha kwamba sauti mbili zikilia pamoja, ubongo hugundua vizuri zaidi ikiwa ile nzito imewahi kuliko ikiwa ile nyembamba imewahi. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa chuo hichohicho walifunga spika za sauti nzito mno kwenye tamasha la muziki wa kielektroniki, sauti za chini kiasi kwamba watu hawakuweza kusema kama zipo au hazipo. Walizizima na kuziwasha bila kuwaambia wachezaji. Zilipowashwa, watu walijitikisa zaidi kwa takriban asilimia 12. Hawakuzisikia, lakini walizicheza.

Abagusii na obokano

Gitaa la besi la umeme tunalolijua lilianza kuuzwa na Leo Fender huko Marekani mwaka 1951. Kabla ya hapo bendi nyingi zilitumia besi kubwa ya mbao inayopigwa mtu akiwa amesimama, ileile ambayo bado huonekana kwenye vikundi vya taarabu vya Zanzibar. Kwa desturi hizo, besi ni mfuasi: kuna mwimbaji, kuna ala zinazopamba, na besi iko nyuma.

Obokano haikubaliani na mpango huo. Ni ala ya nyuzi ya Abagusii, kubwa, yenye nyuzi nane. Ina bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayochomoza kutoka kwenye bakuli, na mti unaoikingama mikono hiyo juu, ambako nyuzi hufungwa. Ala za ukoo huu ziko nyingi katika eneo letu: Wajaluo wana nyatiti, Waluhya wana litungu, Wakuria wana iritungo. Obokano ni miongoni mwa zile kubwa na nzito kabisa, na walioandika kuhusu ala za Kenya wameiita besi kuu ya Afrika Mashariki.

Ukubwa wake si wa kujionyesha. Uzi hushushwa sauti kwa njia tatu:

1. Kuurefusha. Urefu mara mbili, sauti inashuka oktava moja.
2. Kuunenepesha. Ili ushuke oktava moja bila kuongeza urefu, uzito wake lazima uwe mara nne.
3. Kuulegeza. Mvuto ukibaki robo, sauti inashuka oktava moja. Lakini uzi uliolegea hupoteza nguvu na kusikika kama kamba.

Fundi hawezi kutegemea njia moja. Akirefusha tu, ala haibebeki. Akilegeza tu, ala haisikiki. Kwa hiyo hurefusha kidogo, hunenepesha kidogo, hulegeza kidogo. Halafu inabaki kazi ngumu kuliko zote, ambayo ni kuisukuma hewa. Uzi wenyewe ni mwembamba mno kusukuma hewa. Ngozi na bakuli ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, na jinsi ngozi inavyokuwa pana na bakuli kuwa na nafasi ndani ndivyo vinavyoitika vizuri sauti za chini. Wauganda walikutana na hesabu hiyohiyo walipotaka kuunda kikundi kizima cha adungu, kinubi cha Waalur: adungu ya besi ilibidi iwe kubwa kupita nyingine zote.

Sasa isikilize obokano. Nyuzi zake hunguruma. Pana mlio wa kukwaruza juu ya kila sauti, na anayeisikia mara ya kwanza hudhani kuna kitu kimelegea kinachohitaji kukazwa. Hakuna kilicholegea. Mlio huo hutafutwa na hulindwa, na begena ya Ethiopia, kinubi kikubwa cha nyuzi kumi kinachopigwa hasa wakati wa Kwaresima, ina mngurumo wa jamii hiyohiyo.

Nasema sasa ninachokiamini kuhusu mngurumo huu. Kumbuka simu, na jinsi ubongo unavyomtambua mama kwa kuwasikia watoto. Ala isiyo na umeme ina shida ileile ya simu, kwa kiasi kidogo: sauti yake ya chini kabisa ni dhaifu, na sikio letu ni zito huko chini. Mngurumo huzalisha sauti nyingi za juu, zote zikitoka kwenye uzi uleule. Sikio likizipata hizo, linaisikia besi kuwa kubwa kuliko hewa inavyotikisika. Kwa maneno mengine, mafundi wa obokano walipata kwa masikio yao njia ya kuifanya besi isikike bila kipaza sauti. Mafundi wa studio leo hufanya jambo hilohilo kwa makusudi: huichafua kidogo sauti ya besi ili isikike hata kwenye spika ndogo.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni nafasi ya mwimbaji. Katika bendi, mwimbaji yuko juu na besi iko chini, na katikati kumejaa magitaa na kinanda. Mpiga obokano huketi na ala yake, akapiga na kuimba mtu mmoja. Hakuna cha katikati. Kuna sauti ya mtu inayosimulia, na chini yake ardhi inayotikisika. Sifa za mtu, mawaidha, habari za ng'ombe na vita na ndoa, zote zilipita juu ya besi tupu. Besi haikumsindikiza msimulizi kutoka nyuma. Ilimtangulia, ikamwekea hali, ikamjibu aliponyamaza, na ikafunga hadithi aliposhindwa na maneno.

Kwa hiyo mtu akiniuliza besi ina kazi gani, namjibu kwa mambo matatu: huamua wimbo umesimama wapi, hushika wakati, na huusemesha mwili. Kwenye bendi kazi hizo hugawanywa na wapiga ngoma, gitaa na kinanda. Kwenye obokano mtu mmoja huzibeba zote tatu huku akiimba.

Obokano leo

Ala hii haijafa. Wanafunzi huipiga katika Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927, na wasanii wa mjini kama Grandmaster Masese wameichukua pamoja na ushairi wa jukwaani, wakaipeleka kwa wasikilizaji wasiojua neno moja la Ekegusii. Hiyo ni heri.

Kinachonisumbua ni namna inavyorekodiwa. Mara nyingi nasikia wimbo wenye obokano ambamo mtayarishaji ameweka besi ya kinanda chini yake, na ngoma za kompyuta juu yake. Besi mbili haziwezi kukaa pamoja mahali pamoja: mawimbi yao marefu huingiliana, moja humeza nyingine, na inayoshinda ni ile ya kinanda kwa sababu haichoki. Obokano hubaki ikikwaruza katikati kama pambo la utamaduni. Imenyang'anywa kazi yake.

Namwomba kila mtayarishaji wa muziki Kisii, Nyamira na Nairobi afanye jambo moja. Ukiletewa obokano studio, zima besi ya kinanda. Weka kipaza sauti kimoja karibu na ngozi na kingine mbele ya mdomo wa mwimbaji. Usiusafishe mngurumo. Usikate sauti za chini kwa kuhofia kwamba simu hazitazitoa. Mngurumo wenyewe utazipeleka. Na wewe msomaji, ukipata rekodi ya namna hiyo, isikilize mara moja kwenye spika kubwa kabla ya kuiweka kwenye simu. Wazee waliobaki wanaoweza kuiunda na kuipiga obokano vizuri wanapaswa kurekodiwa hivyo wakiwa hai.